Sonona inayojirudia na wasiwasi kwa wanawake: ni ugonjwa mmoja au miwili?

#1 Nesi_Chumbageni

Wadau wa afya wa Tanga, salaam. Naleta swali linalorudi mezani kliniki karibu kila mwezi.

Mama anakuja na moyo unaodunda, tumbo linawaka, usingizi hana, na kila jambo analiona litaharibika tu. Ameshapita kwenye dawa za vidonda vya tumbo, ameshapimwa presha mara nyingi, mwisho anaandikiwa dawa ya sonona. Anapata nafuu, anaacha dawa, baada ya mwaka yuko palepale kwenye benchi. Ukisoma faili lake vizuri unakuta wasiwasi ulikuwepo kabla ya sonona ya kwanza, na ulibaki hata sonona ilipoondoka.

Dai langu ni kwamba tunatibu nusu. Tunatibu huzuni, wasiwasi tunauacha ndani ya nyumba, nao unairudisha sonona.

Wanawake huugua sonona karibu mara mbili ya wanaume, na magonjwa ya wasiwasi vivyo hivyo. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikuta karibu 60% ya watu waliowahi kuugua sonona waliwahi pia kuwa na ugonjwa wa wasiwasi wa aina fulani. Kwa nini vinashikana kiasi hiki? Na tuanze na kipi? Wekeni vipimo, dozi na hatua. Habari za wagonjwa zibaki kwenye mafaili.

#2 Chungwa_la_Muheza

Asante kwa uzi, dada Nesi. Kabla wakubwa hawajaanza, mtuambie kwanza: sonona "inayojirudia" inahesabiwaje? Maana kuna watu wanasema inajirudia kumbe haikuwahi kuondoka.

#3 Tabibu_Pangani

Chungwa, umegusa penyewe.

Kwa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, ni vipindi viwili au zaidi, na katikati yake miezi kadhaa ambayo mtu alirudi sawa. Kipindi kimoja ni angalau wiki mbili, dalili karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Wamarekani wao wanataka miezi miwili mfululizo ya uzima kati ya kipindi na kipindi.

Kwenye mafaili tunakosea hivi: mama alipungua tu, hakupona, halafu akazidiwa tena. Tunaandika "imejirudia". Huyo ana kipindi kimoja kirefu ambacho dawa haikukimaliza, na jibu lake ni kuangalia dozi na muda, sio kuanza upya na kidonge kingine. Muulize: "Kati ya hapa na pale, kuna miezi ulikuwa mwenyewe kabisa? Ulikuwa unapika, unacheka, unalala?" Akisema hapana, usihesabu viwili.

Hesabu inayotajwa sana ni kwamba aliyepata kipindi kimoja ana nafasi kama nusu ya kupata cha pili, aliyepata viwili kama 70%, vitatu kama 90%. Ila namba hizo zimetoka hasa kwa wagonjwa wa hospitali, waliozidiwa. Usimtishie nazo mama aliyekuja zahanati mara ya kwanza.

#4 Usambara77

Nesi anauliza kwa nini vinashikana. Jibu lenye ushahidi mzito lipo tangu 1992. Kenneth Kendler na wenzake kule Virginia walifuatilia jozi 1,033 za pacha wa kike. Walipolinganisha pacha wanaofanana na wasiofanana, walikuta vinasaba vinavyoongeza hatari ya sonona ndivyo vilevile vinavyoongeza hatari ya wasiwasi wa jumla (ule wa kuhofia kila jambo). Kilichotofautisha nani apate kipi ni mazingira.

Kwa hiyo mimi nasema mzizi ni mmoja. Maisha ndiyo yanayoamua utachipuka upande gani, na kwa wengi unachipuka pande zote mbili.

Halafu 2015 ukaja utafiti wa China: wanawake 5,303 wenye sonona iliyojirudia wakalinganishwa na 5,337 wasio nayo. Walichagua wanawake peke yao, tena wenye sonona iliyojirudia tu, makusudi, ili kundi lisiwe na mchanganyiko mkubwa. Wakapata sehemu mbili kwenye kromosomu ya 10. Kabla ya hapo tafiti nyingi za vinasaba vya sonona zilikuwa zinarudi mikono mitupu.

#5 Mkonge_Halisi

Usambara77, kaka yangu, kila uzi lazima pacha wapite! 😄

Sasa soma utafiti wako mwenyewe mpaka mwisho. Urithi wa sonona kwenye pacha hao ni kama asilimia arobaini tu. Kubwa zaidi limebaki nje ya vinasaba, na huko nje ndiko wanawake wetu wanakoishi.

George Brown na Tirril Harris walipowachunguza wanawake wa Camberwell, London, matokeo yakatoka 1978, walitaja mambo manne yanayomwacha mwanamke bila kinga tatizo likimpiga: kufiwa na mama kabla ya miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kukosa mtu wa karibu wa kumwambia siri, na kutokuwa na kazi nje ya nyumba. Hebu chukua orodha hiyo utembee nayo kuanzia Mabokweni mpaka Tongoni uone utawakuta wangapi.

Baadaye Finlay-Jones na huyohuyo Brown, 1981, wakaonyesha kitu kinachojibu swali la Nesi moja kwa moja. Kupoteza (kifo, talaka, kufukuzwa) huelekea kuleta sonona. Hatari inayokuja (mume anayetishia, deni linaloiva, mtoto mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini) huelekea kuleta wasiwasi. Anayekutana na vyote viwili kwa pamoja, hupata vyote viwili. Mwanamke anayepigwa nyumbani amepoteza na bado yuko hatarini, siku hiyohiyo, chini ya paa hilohilo. Mnataka vinasaba vya nini hapo?

#6 Takwimu_Pongwe

Wote mnaruka hatua. Kwanza thibitisheni kwamba vinashikana kweli, sio kwamba rula zetu zinapima kitu kimoja mara mbili.

Wasiwasi wa jumla, kwa vigezo vya Marekani, ni hofu iliyopitiliza kwa miezi sita, pamoja na dalili tatu kati ya sita: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kukaza akili, hasira za karibu, misuli kukakamaa, usingizi mbovu. Sasa fungua orodha ya sonona. Kuchoka kupo, akili kutawanyika kupo, usingizi upo, kutotulia kupo. Nne kati ya sita ni zilezile! Mama mwenye sonona kali anaweza kuzijaza dalili za wasiwasi bila kuwa na ugonjwa wa pili.

Clark na Watson walilisema hili 1991. Kuna dhiki ya jumla ambayo ni ya wote. Kinachoitambulisha sonona ni kukauka kwa furaha: hata jambo jema halimfikii. Kinachoutambulisha wasiwasi ni mwili kuamka: moyo, jasho, kutetemeka, pumzi.

Kwa vitendo, tumia karatasi mbili za maswali, PHQ-9 ya sonona na GAD-7 ya wasiwasi, zote zinauliza wiki mbili zilizopita, kila swali 0 hadi 3. Ya kwanza ina maswali 9, jumla 27. Ya pili 7, jumla 21. Alama 10 kwenye yoyote ni ya kufuatilia. Lakini usiishie kwenye jumla. Kwenye PHQ-9 tazama swali la 1, la kukosa hamu ya mambo. Kwenye GAD-7 tazama la 2 na la 7: kushindwa kuzuia mawazo, na kuogopa kwamba jambo baya litatokea. Hayo ndiyo yanayotenganisha. La kutotulia lipo kwa namna yake kwenye karatasi zote mbili, kwa hiyo halitenganishi chochote.

#7 Nesi_Chumbageni

Takwimu, asante, hiyo ya kutazama swali mojamoja nakwenda nayo. Lakini haijibu kwa nini wasiwasi unatangulia kwa miaka. Kama ni rula tu, vingekuja na kuondoka pamoja.

#8 Binti_Raskazone

Naungana na Nesi. Wasiwasi huanza karibu na miaka 11, sonona inakuja ukubwani, karibu 30. Kwa hiyo wasiwasi ndio mama na sonona ndiyo mtoto. Ukiutibu mapema huna haja ya kuongelea sonona.

#9 Takwimu_Pongwe

Binti, hapo panahitaji kunyooshwa. Hiyo 11 ni umri wa kati wa magonjwa yote ya wasiwasi yakiwekwa kapu moja, na anayeishusha ni woga wa vitu maalumu (wanyama, giza, damu) unaoanza karibu miaka 7, na aibu kali mbele za watu, karibu 13. Wasiwasi wa jumla peke yake, kwenye data hizohizo za Marekani za 2005, umri wa kati ulikuwa 31. Sonona 32. Wameachana mwaka mmoja. Huwezi kumwita mmoja mama wa mwingine.

Tena hapo hapo Usambara77 naye ajibu: vinasaba vilivyofanana kwa pacha wa Virginia vilihusu wasiwasi wa jumla. Woga wa vitu maalumu ulishirikiana na sonona kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo "wasiwasi" mnaoujadili sio kitu kimoja.

#10 Usambara77

Nakubali kuhusu woga wa vitu maalumu. Lakini basi umenisaidia: ule wasiwasi unaofanana na sonona kwa vinasaba ndio huohuo unaofanana nayo kwa umri wa kuanza.

#11 Mkunga_Makorora

Wanangu, mmezunguka London na Marekani. Mimi nawaleta wodini.

Tofauti ya sonona kati ya wasichana na wavulana haipo utotoni. Inajitokeza wanapobalehe, kwenye miaka 12, 13. Kisha kuna nyakati mwanamke anakuwa mwepesi kuanguka: siku za kabla ya hedhi, ujauzito, baada ya kujifungua, na miaka ya kuelekea kukoma hedhi. Nyakati zote hizo homoni zinapanda na kushuka kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea matatizo ya akili, hasa sonona, humpata mjamzito kwa 15.6% na mzazi kwa 19.8%.

Kwenye arobaini watu wetu wanajitahidi. Bibi yupo, maji ya moto yapo, uji upo, mzazi hagusi jiko. Hatari iko pale arobaini inapoisha, bibi anapanda basi kurudi Lushoto au Handeni, na mzazi anabaki peke yake na mtoto na kazi zote. Bahati nzuri chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinamleta kliniki kipindi hichohicho. Mpe dodoso la Edinburgh, la kupima sonona ya uzazi, akiwa kwenye foleni. Maswali 10, linauliza siku 7 zilizopita, jumla 30, na 13 kwenda juu usimwachie aondoke bila kuzungumza naye.

Na hili wengi hawalijui: maswali la 3, la 4 na la 5, la kujilaumu bure, la kuhangaika bila sababu na la hofu ya ghafla, yanajumlishwa peke yake, alama 0 hadi 9. Unaweza kukuta mzazi ana jumla ndogo, 9 tu, lakini 7 zimetoka kwenye hayo matatu. Huyo sonona hana bado. Ana wasiwasi, halali hata mtoto akilala, anaamka kumsikiliza kama anapumua. Mfuatilie kwa karibu.

Na yule anayezidiwa wiki moja kabla ya hedhi tu, aandike kwenye daftari kila jioni kwa mizunguko miwili. Akipata nafuu ndani ya siku chache baada ya damu kuanza, na wiki inayofuata yuko mzima, hilo ni tatizo la kabla ya hedhi, lina njia yake. Akiwa mgonjwa mwezi mzima na kabla ya hedhi anazidi tu, rudini kwenye mjadala wenu.

#12 Tabibu_Pangani

Nampigia saluti bibi mkunga, naongeza damu na tezi.

Mzazi anaweza kupata uvimbe wa tezi ya shingo ndani ya mwaka wa kwanza. Mara nyingi hatua ya kwanza, mwezi wa 1 hadi wa 4, tezi inamwaga homoni kupita kiasi: moyo mbio, kutetemeka, joto, kukonda, hofu. Hatua ya pili, karibu mwezi wa 4 hadi wa 8, inashuka: uchovu, baridi, uzito, huzuni, akili nzito. Mtu asiyejua ataandika "wasiwasi" mwezi wa tatu na "sonona" mwezi wa sita, kumbe ni tezi. Kipimo ni TSH, homoni inayoiamuru tezi. Pima pia wingi wa damu (himoglobini, gramu kwa desilita): chini ya 11 kwa mjamzito, chini ya 12 kwa asiye na mimba, ni upungufu, nao unaleta moyo kwenda mbio na uchovu.

Uliza pia dawa anazotumia. Salbutamoli ya pumu inadundisha moyo. Efavirenzi, kwa waliowahi kuitumia, ilijulikana kwa ndoto mbaya na huzuni. Na kahawa! Vikombe vitano vya kahawa chungu ya jioni kisha unatafuta dawa ya usingizi...

#13 Chungwa_la_Muheza

Kahawa ya Tanga iachwe hapo ilipo, Tabibu 😄 Na sindano ya uzazi wa mpango? Huku mitaani ndiyo inabebeshwa kila kitu. Shangazi yangu alichoma moja tu, wakasema ndiyo iliyomletea "kichaa cha woga".

#14 Mkunga_Makorora

Chungwa, sindano haijatiwa hatiani namna hiyo. Kule Denmark, 2016, walifuatilia wanawake na wasichana zaidi ya milioni moja wa miaka 15 hadi 34. Watumiaji wa njia za homoni walianzishiwa dawa za sonona mara nyingi kidogo kuliko wasiotumia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wadogo. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo. Cha kufanya: kabla ya kuchoma, uliza kama amewahi kuugua sonona. Kama ndiyo, mwambie dalili za kuangalia, na mwambie pia kwamba sindano ikishaingia haitolewi, inakaa miezi mitatu. Kidonge unaweza kukiacha leo. Kwa mwenye historia hiyo, tofauti hii ina uzito wake. Na kumbuka mimba isiyotarajiwa nayo inaleta wasiwasi na sonona.

#15 Mfamasia_Ngamiani

Sasa dawa, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea.

Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, inapatikana kirahisi. Anayepewa miligramu 25 usiku kwa maumivu ya mgongo, tafadhali msiandike "ametibiwa sonona". Dozi ndogo kabisa inayofanya kazi kwa sonona ya mtu mzima ni 75. Unaanza 25, unaongeza 25 hadi 50 kila wiki, mpaka 100 au 150. Mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu akisimama. Ugonjwa wa moyo, usiguse. Na ikimezwa kwa wingi ni hatari kubwa, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujidhuru hapewi dawa ya mwezi. Apewe ya wiki moja, na iwekwe na ndugu.

Fluoksetini, nayo ya sonona: asubuhi, miligramu 10 kwa wiki ya kwanza, kisha 20. Wiki 6 bila mabadiliko, 40. Kwa mwenye wasiwasi hiyo 10 ya mwanzo usiiruke hata kidogo, maana siku 7 hadi 14 za mwanzo dawa inaweza kuongeza kutotulia. Mama anayeogopa moyo wake anameza kidonge, moyo unadunda zaidi, anakitupa chooni. Halafu tunaandika "hakufuata matibabu". Angeambiwa mapema kwamba wiki mbili za mwanzo zinaweza kuwa ngumu na nafuu inakuja wiki ya 4 hadi ya 6, wengi wangevumilia.

Michanganyiko mibaya ninayoiona dirishani: fluoksetini pamoja na amitriptilini bila daktari kujua (ya kwanza inaizuia ya pili isiondoke mwilini, kiwango kinapanda), fluoksetini na tramadoli (hatari ya degedege na sumu ya serotonini), fluoksetini na diklofenaki za kila siku (kutoka damu tumboni). Anayenyonyesha, setralini (ya jamii moja na fluoksetini) inapendekezwa zaidi kwa sababu kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana.

Kabla ya zote, swali moja: "Umewahi kuwa na siku kadhaa hulali kabisa lakini hujachoka, una nguvu za ajabu, unaongea na kutumia pesa kupita kawaida?" Akisema ndiyo, simama. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha upande wa pili, kwenye hizo nguvu za kupita kiasi.

#16 Binti_Raskazone

Na valiamu je? Maana ndiyo "dawa ya mawazo" inayojulikana na kila mtu mtaani.

#17 Mfamasia_Ngamiani

Diazepamu (ndiyo hiyo valiamu) inazima hofu ndani ya saa moja, ndiyo maana watu wanaipenda. Haitibu sonona. Baada ya wiki 2 hadi 4 mwili unaanza kuizoea, ukiacha ghafla wasiwasi unarudi mkali kuliko mwanzo, na mgonjwa anaamini ugonjwa umezidi kumbe ni dawa inaondoka. Mwongozo wa 2023 wa Shirika la Afya Duniani hauipendekezi kwa wasiwasi wa jumla wala kwa hofu za ghafla. Aliyekwishaizoea asikatiwe siku moja. Ishushwe polepole chini ya daktari.

#18 Ustadhi_Barabara_ya_14

Assalaam alaykum. Mmesahau mlango wa kwanza. Mgonjwa wa namna hii anapitia kisomo kabla ya zahanati. Moyo unakwenda mbio usiku, anahisi amekabwa, ndugu wanasema ana mtu. Sipingani na hospitali, nasema tusaidiane. Mimi huuliza mambo matatu: umeacha kula au kulala tangu lini, umejifungua lini, na je, kuna mtu anayekuumiza nyumbani. Jibu likinitia shaka, namsomea na namwandikia ndugu yake ampeleke hospitali ya Bombo.

#19 Mkonge_Halisi

Ustadhi, wa alaykum salaam. Swali lako la tatu wengi wenye koti jeupe hawaliulizi. Ombi letu ni mawili: asiambiwe aache dawa wakati wa kisomo, na asifungwe, asipigwe wala kunyimwa chakula.

#20 Chungwa_la_Muheza

Na akizidiwa kabisa, hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi ipo hapo Korogwe milimani. Ilianzishwa 1904 na Wajerumani.

#21 Usambara77

Chungwa, 1904 ndipo ilipoanza kupokea wagonjwa wa akili. Mahali penyewe palianza 1896 kama kituo cha watoto yatima waliokombolewa utumwani. Na kwa mada hii, mama wengi hawahitaji kulazwa. Tusimfanye aone safari ya matibabu ni safari ya Lutindi, atajificha.

#22 Nesi_Chumbageni

Tusaidieni kwa wasiotaka vidonge. Zahanati haina mwanasaikolojia.

#23 Tabibu_Pangani

Haihitajiki awe mwanasaikolojia. Zimbabwe, Dixon Chibanda aliwafundisha kina mama wa jamii kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, vikao 6, kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya kliniki 24 za Harare yalichapishwa 2016, na dalili za wasiwasi na sonona zote zilipungua. Nairobi nako, 2017, wanawake 421 waliopitia ukatili walijaribiwa mpango wa vikao 5 vya dakika 90 unaoendeshwa na wahudumu wa kawaida, nao ulisaidia zaidi ya huduma ya kawaida.

Kwa sonona: mwambie achague jambo dogo moja alilokuwa analifanya, si "kufurahi". Kupeleka mchele kwa jirani, kufua nguo tatu, kukaa barazani baada ya alasiri. Siku na saa ziandikwe. Ajipe alama ya moyo 0 hadi 10 kabla na baada. Asisubiri hamu, hamu inakuja nyuma ya kitendo. Tunakwama tunapompa mambo sita kwa wiki. Akishindwa moja anajilaumu kwa yote.

Kwa hofu: ngazi. Mama anayeogopa daladala ya Pongwe kwenda mjini kwa sababu moyo ulimdunda humo siku moja. Ngazi ya 1, asimame kituoni dakika 15 bila kupanda. Ya 2, apande na mwenzake kituo kimoja. Ya 3, kituo kimoja peke yake. Ya 4, mpaka Ngamiani nje ya saa za msongamano. Ya 5, asubuhi gari limejaa. Kila ngazi airudie mpaka hofu ishuke angalau nusu. Akishuka wakati hofu iko juu kabisa, ubongo unajifunza kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa. Na ile chupa ya maji na kidonge cha dharura anachokishika mkononi, mwishoni aviache nyumbani.

#24 Takwimu_Pongwe

Tabibu, ukiwa navyo vyote viwili unaanza na kipi?

#25 Tabibu_Pangani

Kama hawezi kuamka kitandani, anza na sonona, maana ngazi hataipanda. Kama anaamka lakini hofu imemfungia ndani, anza na ngazi.

#26 Mkonge_Halisi

Na kama kinachomtisha kipo kweli? Huwezi kumpandisha ngazi ya kumzoea mume anayempiga. Hapo kazi ya kwanza ni usalama wake: ndugu wa kukaa kwake, dawati la jinsia polisi, ustawi wa jamii. Wasiwasi wake unamwambia ukweli.

#27 Tabibu_Pangani

Hapo hatubishani.

#28 Nesi_Chumbageni

Swali la 9 la PHQ-9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi wanatia sifuri kwa sababu wamesikia kujaribu kujiua ni kosa la jinai.

#29 Tabibu_Pangani

Kujaribu ni kosa, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kuwa na mawazo si kosa, na kumuuliza hakumpandikizii. Usimpe karatasi aijaze mbele ya mama mkwe. Muulize mwenyewe, pembeni: "Hali ikiwa hivi wapo wanaotamani wasiamke. Wewe imekufikia hapo?" Akikubali, uliza kama amepanga namna, na kama kitu chenyewe kipo karibu. Mpango na kitu vikiwepo, asiachwe peke yake, ndugu aitwe, aende hospitali leo hiihii. Mwenye wasiwasi na kutotulia juu ya sonona anahitaji macho zaidi, kwa sababu ana kukata tamaa na ana nguvu ya kutenda.

#30 Usambara77

Narudi kwenye mzizi, maana Mkonge anadhani nimenyamaza. Vipindi vya mwanzo vya sonona mara nyingi vinatanguliwa na pigo kubwa la maisha. Kadiri vinavyojirudia, pigo linalohitajika linapungua, wengine wanaanguka bila pigo linaloonekana. Robert Post aliliandika hilo 1992. Kama maisha ndiyo kila kitu, kwa nini kipindi cha nne kinakuja wakati mume mkorofi ameshaondoka na deni limelipwa?

#31 Mkonge_Halisi

Kwa sababu wasiwasi aliouacha mume huyo haujaondoka! Anasikia mlango, anaruka. Pigo halionekani kwako, kwake liko kila usiku. Umerudi kwenye dai la Nesi bila kujua.

#32 Takwimu_Pongwe

Au wanaofika kipindi cha nne ni wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, walioweza kupona wameshatoka kwenye hesabu. Data ileile, maelezo matatu.

#33 Binti_Raskazone

Mfamasia, dawa zinaachwa lini hasa? Na Ramadhani je? Wengi wanaacha mwezi huo na hawarudii.

#34 Mfamasia_Ngamiani

Miezi 9 hadi 12 baada ya kuwa mzima, sio baada ya kuanza dawa. Kwa iliyojirudia, miongozo ya Uingereza inasema angalau miaka 2 kwa mwenye hatari kubwa. Kabla ya kushusha, pima karatasi zote mbili: PHQ-9 ikiwa 3 na GAD-7 bado 12, hajawa mzima, usishushe. Kushusha kuchukue angalau wiki 4.

Ramadhani, fluoksetini ni mara moja kwa siku, aihamishie kwenye daku au futari na ibaki saa hiyohiyo mwezi mzima. Amitriptilini baada ya tarawehe, ila maji ayanywe ya kutosha mpaka daku, kwa ajili ya choo na mdomo. Akisahau, ameze akikumbuka siku hiyohiyo. Siku ikishapita, asimeze mbili kwa pamoja.

#35 Ustadhi_Barabara_ya_14

Hili la daku nitalisema msikitini kabla ya mwezi kuandama. Mfamasia, niandikie mistari mitatu, kwa herufi kubwa, ibandikwe na upande wa kina mama.